Mayatima wa Kamande

Maji ya ziwa yalipofika kwenye ukuta wa ghala la mbolea, kampuni ilianza kupunguza watu. Kabla ya hapo yalikuwa yamemeza vibanda vya waridi vya upande wa chini, kimoja baada ya kingine, na watu walikuwa wakiambiana kwamba yatarudi. Sasa hakuna aliyesema yatarudi. Viboko walikuwa wanalala kwenye njia ya kwenda kazini, na askari wa lango alikuwa amepewa sufuria na mwiko wa kuwafukuzia.

Mkutano uliitwa kwenye uwanja wa besiboli, kwa kuwa hapo ndipo mahali pakavu pakubwa palipobaki, ingawa nao ulikuwa umeanza kuliwa upande wa kulia. Watu wa ofisini walikalia viti vya plastiki. Wachezaji walikaa kwenye nyasi. Wake zao, ambao nao walikuwa wameitwa kwa sababu jambo lenyewe lilihusu nyumba, waliambiwa wasimame nyuma ya wavu.

Truphosa alisimama karibu na Wariara, jirani yake, wakagawana mwavuli mmoja dhidi ya jua. Waume zao, Odongo wa Truphosa na Kamande wa Wariara, walikuwa warushaji wa timu. Timu hiyo ilikuwa mapambo ya kampuni. Wazungu walionunua maua waliupenda mchezo huo, na picha za vijana wenye kofia na glavu zilikuwa zimejaa ukutani mle ofisini. Asubuhi wachezaji walikagua wadudu kwenye majani ya waridi kama wafanyakazi wengine. Alasiri walifanya mazoezi. Kwa ajili ya timu walipewa nyumba za mstari wa juu, za mawe, kwenye mteremko ambao maji yasingeufikia hata yakipanda mara mbili.

Valarie, afisa mpya wa wafanyakazi, alizungumza kwa upole. Alikuwa msichana wa kutabasamu kila baada ya sentensi, na tabasamu hilo ndilo lililowatia watu hofu. Alisema baadhi ya nyumba za mstari wa juu zitapewa mameneja ambao nyumba zao zimeingiwa na maji. Timu haitavunjwa, lakini itabaki na mtu mmoja kwa kila nafasi, na vijana wa kujitolea watajaza mapengo. Atakayebaki atabaki na kazi na nyumba. Atakayeachwa atalipwa haki zake na kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi, na misumari aliyopigilia ukutani aing'oe na kuziba matundu.

"Na nani ataamua?" akauliza Jamleck, kocha wao, mzee wa Gilgil aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu.

"Hatutaki mtu aseme amependelewa fulani," Valarie akasema. "Nambari zitaamua." Akainua simu yake. Alikuwa ameingiza humo mechi zote za msimu, na simu ilikuwa imempa kila mchezaji alama zake. Kwa warushaji iliangalia mabao ambayo kila mmoja alifungwa, na mechi alizoandikiwa ushindi. Kamande na Odongo walikuwa wamekaribiana kama ulimi na meno. Kamande alikuwa mbele kidogo, na mechi iliyobaki ilikuwa moja tu, dhidi ya timu ya Nakuru mjini.

Jamleck alisimama akapangusa nyasi kwenye suruali. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha darasa la tatu. Kamande ndiye anayeanza kurusha. Mpinzani akiupiga mpira wake vizuri, anakimbia na kusimama kwenye besi, kile kituo cha kwanza, na wenzake wakiendelea kupiga, anasogea besi hadi besi mpaka afike nyumbani, yaani pale alipoanzia, na hilo ni bao. Kamande akichoka, huku maadui wamesimama kwenye besi wakisubiri kusogezwa, ndipo anaingia Odongo, mrushaji wa akiba. Kazi yake ni kuhakikisha wale aliowakuta hawafiki nyumbani.

"Sasa, madam," Jamleck akasema, "wale aliowakuta wakifika, bao linaandikwa la Kamande, kwa sababu yeye ndiye aliyewaruhusu kupanda besi. Odongo haandikiwi kitu. Na akiwazuia wote, pia haandikiwi kitu. Anaingia nyumba ikiungua. Akizima, simu yako haimwoni. Akishindwa kuzima, inamlaumu mwenye nyumba. Utampimaje mtu hivyo?"

Valarie akatabasamu. "Mwalimu, hiyo sheria sikuitunga mimi. Ndiyo inatumika dunia nzima."

"Dunia nzima haigawi nyumba kwa hiyo sheria."

Vijana wakacheka kidogo. Kamande akampiga Odongo begani. Wale wakimbiaji wanaoachwa kwenye besi, timu iliwaita mayatima, na Odongo walimwita baba wa kambo. Kila mara Kamande alipomkabidhi mpira alimwambia idadi ya mayatima anaomwachia, kama mzazi anayesafiri, na Odongo alimjibu kwamba watalala njaa. Lilikuwa neno lao la miaka yote. Siku hiyo, wakiondoka uwanjani, Kamande alilirudia kwa sauti ili watu wacheke: "Mtoto ni wa aliyemzaa, ndugu zangu. Hata ofisi imesema." Watu walicheka. Truphosa hakucheka. Alikuwa ameganda pale nyuma ya wavu, kwa sababu sheria ile alikuwa akiifahamu vizuri, ingawa hajawahi kushika mpira.

*

Jioni Odongo alikaa jikoni, kiwiko ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi. Kiwiko hicho kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu mvua za kwanza. Hakikuvimba, kilikuwa tu kinachelewa kukunjuka asubuhi, naye alikificha ndani ya shati la mikono mirefu. Binti yao Abby alikuwa amekwenda upande wa pili kusoma na Kui, binti ya Kamande. Ukuta wa kati ulikuwa mwembamba, na sauti za wasichana wakighani majedwali ya kuzidisha zilisikika kama wako chumbani humo.

Truphosa alisonga ugali akimpa mume wake mgongo. Alianza kumsimulia mambo ya kazini. Yeye alifanya kazi kwenye chumba cha kufungia maua, mahali pa baridi, mikono ndani ya glavu tangu asubuhi. Alisema leo msichana mmoja wa meza yao amevunja shingo za waridi nyingi kwa kuzivuta vibaya kutoka kwenye ndoo.

"Wakamfanyia nini?" Odongo akauliza bila hamu.

"Yeye? Hakuna. Kila ndoo ina namba ya aliyevuna. Ua likipatikana limevunjika, linaandikwa la mvunaji."

"Hata kama limevunjwa mezani?"

"Meza haina namba."

Wasichana walikuwa wamefika jedwali la saba. Odongo alitoa kiwiko majini, akakitazama, akakirudisha. Truphosa aliendelea kusonga ugali ulioiva zamani. Alipogeuka, mume wake alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu aliyekuta mgeni jikoni kwake.

"Mama Abby, hiyo hadithi usiniletee tena."

"Nimekueleza ya kazini tu."

"Najua umenieleza nini."

Akapunguza sauti, kwa sababu ya ukuta. Alimkumbusha kwamba Wariara ndiye aliyempeleka Abby hospitali kwa pikipiki ya kukopa, waume wote wawili wakiwa Nakuru kwenye mechi. Alimkumbusha kwamba jiko hilo analosongea ugali ni la Wariara. Truphosa alisikiliza yote, akapakua. Kisha akasema, naye kwa sauti ya chini, kwamba hayo yote anayajua na hajayasahau, lakini Kamande ana kaka mwenye shamba huko Ndabibi, na wana mjomba huko Olenguruone. "Sisi tukitoka hapa tunakwenda wapi, Baba Abby? Nionyeshe kwa kidole."

Odongo alikausha kiwiko kwa kitambaa. Waliita mtoto aje kula, na Wariara akamtuma na bakuli la maharagwe.

*

Jumamosi walikwenda mtaa wa Kamere, chini kando ya ziwa, kutazama chumba cha kupanga. Truphosa ndiye aliyetaka waende pamoja. Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyeitwa Naftaly, aliwapokea akiwa na viatu vya mpira vilivyofika magotini, akawatangulia juu ya mawe yaliyopangwa kwenye tope. Ziwa lilikuwa nyuma tu ya choo. Vyumba vya mwisho vilikuwa vimesimama majini bila milango, na ndani ya kimojawapo ndege walikuwa wameshatengeneza kiota.

"Nyinyi si wale wa timu?" Naftaly akauliza akifungua kufuli. "Wa nyumba za mawe?"

Odongo akasema ndiyo.

"Nilikuwa nawaona mkipita na basi, mkitupungia mikono." Akacheka bila ubaya. "Karibuni chini na sisi, boss. Hapa pia kuna maji ya bure."

Chumba kilikuwa na harufu ya samaki na chokaa mbichi. Naftaly alisema maji yalipoingia mara ya mwisho yalifika hapa tu, akagusa goti lake. Truphosa alitazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi upya, lakini chini ya rangi, juu kidogo ya swichi ya taa, ulionekana mstari wa kahawia ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Alimwona Odongo naye anautazama. Abby, waliyekuja naye, alianza kukohoa, kile kikohozi chake kikavu cha kifua, na Naftaly akasema watoto wote wa hapa hukohoa, huzoea.

Aliuliza kama Odongo ana kazi au ndiye aliyeachishwa, kwa sababu kuna wapangaji waliomtoroka wakipita majini na magodoro vichwani. Odongo alisema bado hajui. "Ukijua, niambie upesi," Naftaly akasema. "Watu ni wengi."

Walirudi kwa miguu wakipitia barabara ya juu. Mtoto alitangulia. Mbele waliona mapaa ya mstari wa juu, na nguo za Wariara zikipepea kwenye kamba waliyoitumia pamoja.

"Huyo mvunaji," Odongo akasema akitazama mbele, "huwa anajua?"

Truphosa alipunguza mwendo.

"Atajua aje? Anaona namba yake tu."

*

Siku ya mechi kulikuwa na upepo wa vumbi kutoka mlima Longonot, na ziwa lilikuwa limesogea tena. Lilikuwa sasa limefika ndani ya mstari wa chokaa, na manyoya ya ndege aina ya mwari yalielea pale ambapo mdakaji wa kulia alipaswa kusimama. Valarie alikuja na mameneja, mmoja wao akiwa na mke aliyeuliza ni nyumba ipi yenye bomba la maji ndani.

Wariara alimletea Truphosa chapati mbili zilizofungwa kwenye kitambaa. Walikaa benchi moja. "Wacha tukule tukiwa majirani," Wariara akasema. "Kesho Mungu anajua." Hakulisema kwa uchungu. Alisema amemwambia Kamande kwamba wakienda wao, au wakienda akina Odongo, watoto wasikatazwe kuandikiana. Truphosa alimega chapati akaitafuna muda mrefu.

Kamande alirusha siku hiyo kama mtu anayekata kuni zake mwenyewe. Vijana wa Nakuru walipunga magongo hewani wakarudi kukaa. Timu ya shamba iliongoza kwa mabao manne kwa mawili, na jua lilikuwa limeanza kulala, ndipo mkono wake ukachoka. Wa kwanza alipiga mpira wa chini, akafika besi. Wa pili alipiga mpira rahisi kudakwa, lakini mdakaji wa kushoto aliteleza kwenye tope, naye akafika besi. Wa tatu alirushiwa vibaya mara nne, akapewa besi ya bure. Besi zote zikajaa, na hapakuwa na hata mmoja aliyetolewa.

Jamleck aliingia uwanjani kwa mwendo wake wa polepole, akamwita Odongo.

Kutoka benchi, Truphosa aliwaona wanaume wawili wamesimama juu ya kile kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji. Aliona Kamande anaupangusa mpira kwenye suruali kabla ya kuukabidhi, kama mtu anayepangusa kikombe cha mgeni. Aliinua vidole vitatu. Mayatima watatu. Midomo yake ilisema neno lao. Truphosa alisubiri kumwona Odongo akijibu kwamba watalala njaa, lakini Odongo aliupokea mpira na kuutazama tu.

"Leo baba wa kambo amekasirika," Wariara akasema akicheka.

Mpira wa kwanza ulikwenda kando. Wa pili pia. Truphosa alijiambia kwamba ni kiwiko, na kwa muda akaomba kiwe kiwiko kweli. Lakini alikuwa amefua jasho la fulana za mrushaji huyo kwa miaka, aliujua mwili wake ukiwa umechoka na ukiwa mzima. Mara hii bega lake halikuzunguka. Mkono ulifika juu, ukasita, ukauachia mpira kama mtu anayemwachia mtoto mkono wake mlangoni mwa shule. Ulikwenda katikati, mwepesi, ukionekana wote. Kijana wa Nakuru aliupiga kwa nguvu zake zote.

Uliruka juu ya vichwa, ukadunda mara moja karibu na maji. Mdakaji wa kulia aliingia mpaka mapajani kuutafuta. Yatima wa kwanza akafika nyumbani, wa pili akafika, wa tatu akafika akiruka kwa miguu yote miwili. Mpigaji mwenyewe akasimama besi ya pili akihema.

Wariara alikuwa ameshika goti la Truphosa. "Si kosa lake," akasema. "Mpira wenyewe huwa hivyo."

Ndipo Odongo akarusha. Aliuzungusha mkono wote, mpira ukagonga glavu ya mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magari. Wapigaji watatu waliofuata hawakuugusa. Yule aliyekuwa besi ya pili alibaki hapo hapo, akisubiri bao ambalo lingeandikwa la Odongo. Mashabiki wakashangilia. Kamande, aliyekuwa amekaa na taulo kichwani, alivua taulo. Alimtazama rafiki yake akirusha vile, mpira baada ya mpira, na uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoizoea, na anaanza kuelewa.

Katika zamu yao ya mwisho timu ya shamba ilipata mabao mawili, ikashinda sita kwa tano. Na kwa kuwa Odongo ndiye aliyekuwa mrushaji wakati timu ilipopata uongozi tena, simu ilimwandikia yeye ushindi. Valarie alitangaza hapo hapo, mbele ya viti vya plastiki. Kamande: mabao matatu zaidi. Odongo: hakufungwa hata bao moja, na ushindi ni wake. Alimpongeza kwa kumpa mkono.

Jamleck alitaka kusema kitu. Alifungua mdomo, akamtazama Odongo, kisha akamtazama tena kwa makini, akaufunga. Alikwenda kuokota magongo mwenyewe, kazi ambayo hakuwa akiifanya.

*

Odongo hakula jioni hiyo, wala iliyofuata. Truphosa hakumuuliza kitu, kwa kuwa alijua akiuliza atajibiwa. Upande wa pili wa ukuta walisikia misumari ikitolewa, mmoja mmoja, na kila mmoja ulilia kidogo kabla ya kutoka.

Watu wa timu waliacha kumwita Odongo baba wa kambo. Hawakumtukana, walimwita tu kwa jina lake, na akija mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Mtu mmoja, akiwa amelewa, alimuuliza mbele ya duka anauzaje yatima kwa jumla. Odongo alinunua mkate wake akaondoka.

Siku ya kuhama, lori la viazi la mjomba wa Olenguruone lilikuja kuchukua vyombo. Wariara alikuja mlangoni kwa Truphosa, mikono ikiwa na udongo. Alisema amewaachia gunia la udongo alilopandia sukuma, wavune majani ya chini kwanza, na jiko wabaki nalo, kule kwao wanapika kwa kuni. Truphosa alijaribu kukataa jiko. Alikataa mara mbili, kwa nguvu kuliko adabu inavyotaka, mpaka Wariara akamshangaa.

"Mama Abby, ni jiko tu."

"Mama Kui, mimi..." Truphosa akaanza, akaliacha neno njiani. Angeweza kulisema. Walikuwa wawili tu mlangoni. Wariara alisubiri, uso wake umefunguka, hauna shaka yoyote ndani yake, na hilo ndilo lililomnyamazisha Truphosa.

"Mimi sijui nitakaa aje bila wewe," akasema mwishowe.

"Utakaa. Nyinyi ni watu wazuri, hata hao mameneja watawazoea."

Kamande hakuingia. Alisimama kando ya lori, na Odongo, ambaye hakuweza kubaki ndani bila kuonekana anajificha, akatoka. Walisimama kama wanaume wanaongoja zamu kwa kinyozi. Odongo alisema njia ya huko juu ni mbaya, wafunge kamba vizuri. Kamande akasema imefungwa. Kisha akatoa mkono. Odongo akaushika.

"Asante kwa kunifikishia watoto nyumbani," Kamande akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, hata dereva alidhani ni shukrani ya kweli, akamtazama Odongo kwa heshima. Lori likaondoka. Kui alipunga mkono mpaka kona. Abby alimuuliza baba yake ni watoto gani aliowafikisha, na baba yake akamwambia aingie ndani, kuna vumbi.

*

Msimu mpya ulipoanza, Odongo ndiye aliyekuwa mrushaji wa kwanza, kwa kuwa nambari zilisema hivyo. Kampuni ilileta kijana wa kujitolea wa kuwa akiba yake, mmoja aliyeitwa Jalal, kutoka Bondeni mjini Nakuru, mwenye adabu na mabega mapana. Alimwamkia kila mtu. Alimwita Odongo mzee, akamwomba amfundishe namna ya kuushika mpira. Odongo hakumfundisha.

Ofisini palisemwa kwamba maji hayajaacha kupanda, na kwamba mwisho wa msimu watatazama nambari tena. Valarie alilisema kwa tabasamu, na akamhakikishia Jalal kwamba kujitolea si kwa milele.

Kiwiko cha Odongo sasa hakikunjuki asubuhi mpaka Truphosa akivute taratibu kwa mikono yote miwili. Alimsihi aende zahanati. Akamsihi amwambie Jamleck, aombe arudishwe kukagua wadudu tu. Odongo alimuuliza mkaguzi wa wadudu ana nyumba mstari upi. Hilo lilikuwa swali la Truphosa mwenyewe kwa sauti ya mumewe.

Katika mechi ya pili, dhidi ya vijana wa Gilgil, alirusha vizuri mpaka katikati. Kisha ule mkono ukaanza kushuka. Mmoja akapanda besi, wa pili akapanda, wa tatu akampigia kando akapanda. Ziwa lilikuwa nyuma yake, limetulia, karibu kuliko siku zote. Kando ya uwanja Jalal alikuwa ameshavua koti, akirusharusha mpira kwa mdakaji, tap, tap, bila haraka.

Jamleck alikwenda hadi kwenye kilima akanyoosha kiganja apewe mpira. Odongo akauficha nyuma ya mgongo.

Mashabiki walicheka. Walidhani ni mchezo, mtu mzima anaficha mpira kama mtoto aliyekatazwa peremende. Mke wa meneja alipiga picha. Truphosa peke yake, kwenye benchi ambalo sasa alilikalia peke yake, hakucheka.

"Nipe mpira, Odongo. Mkono umekufa."

"Wacha nimalize, kocha."

"Jalal yuko tayari."

"Najua yuko tayari. Wacha nimalize mwenyewe."

Jamleck alimtazama. Huenda angemnyang'anya. Huenda alikumbuka kitu alichokiona msimu uliopita na ambacho hakukisema. Alishusha kiganja, akarudi benchi kwa mwendo wake wa polepole, na mwamuzi akaashiria mchezo uendelee.

Odongo aliwatazama wakimbiaji watatu, mmoja mmoja, kwa zamu, kama mtu anayehakikisha milango. Truphosa alisimama. Aliona bega linazunguka lote, kwa nguvu zote, namna ambayo siku ile halikuzunguka, na aliona kiwiko kikienda upande ambao kiwiko hakiendi. Odongo hakupiga kelele. Alipiga magoti tu, ameukumbatia mkono wake. Mpira ulianguka hatua chache mbele yake, ukabingirika kwenye nyasi, ukasimama.

Mdakaji aliuacha akamkimbilia. Jamleck akakimbia, Jalal akakimbia na koti lake amfunike. Hakuna aliyeuokota. Na kwa kuwa mwamuzi hakuwa amesimamisha mchezo, wakimbiaji wa Gilgil walitazamana, kisha mmoja akaanza, na wengine wakamfuata. Walipita kando ya lile kundi la watu bila kukimbia, kofia mikononi, wakafika nyumbani wote watatu. Odongo aliinua kichwa akawatazama wakipita. Walikuwa wake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuandikiwa.